Baridi Si Harufu

Jumapili, 8 Juni 1975

Daftari hili lilikuwa la Battista, mume wangu. Kila kiangazi aliandika humu habari za mnanaa: mvua imenyesha, mvua haijanyesha, Delfina anasema bado, Delfina anasema kesho. Mimi nilikuwa wa kusema, yeye wa kuandika. Tangu Februari amelala makaburini, aliondoka na homa ileile iliyonilaza mimi pia, na kazi zote mbili zimeniangukia. Ninaposema hakuna anayesikiliza, basi nitaandika.

Nina miaka sitini na minne. Hatukujaliwa mtoto. Baba aliniachia mtambo wa kukenekea, yaani kutoa mafuta ya mnanaa kwa mvuke, ulioko uani, na Mungu akanipa pua. Kijiji kizima hulima mnanaa, na kijiji kizima hungoja pua yangu iseme siku ya kukata. Pasipo pua hii sijui nani angekuja kugonga mlango wangu.

Jumanne, 10 Juni

Kahawa ya dukani kwa Gepin haina harufu. Nimemwambia anaichanganya na shayiri. Akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Mama yake naye alikuwa mwongo.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimefungua kabati. Koti la kazi la Battista liko palepale alipolitundika. Miaka yote alikuwa akitia ganda la chungwa kwenye mfuko wa kushoto ili nisisikie harufu ya tumbaku, nami nilisikia vyote viwili, tumbaku na ganda, na sikumwambia hata siku moja. Nilizamisha uso katika lile koti nikavuta pumzi mpaka kifua kikaniuma. Hakuna kitu. Ni kitambaa tu. Ameondoka hata ndani ya koti lake.

Nililia sana. Kichwa kilipoanza kugonga nilijipaka mafuta ya mnanaa kwenye panja, na baada ya robo saa kikatulia. Kwa hilo mnanaa haujawahi kunisaliti.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetoa vilivyokuwa mifukoni, kisu kidogo, leso, na ganda lililokauka kama gome, na koti nimempa Firmino. Firmino ni kijana wa hapahapa aliyekodi shamba la bondeni kando ya mto. Alipokwenda jeshini huko kusini kabisa mwa Italia alirudi na mke, Nunziata. Huyo Nunziata alilipokea koti kwa mikono miwili, akaniambia "Asante, mama," basi. Watu wa kusini wana maneno mengi kwa kuku na machache kwa binadamu.

Jumanne, 17 Juni

Mvua.

Jumatano, 18 Juni

Mvua. Nimetenga vikombe viwili vya chai ya mnanaa kwa mazoea. Nikavinywa vyote viwili.

Ijumaa, 20 Juni

Nunziata alikuja kuazima chekeche. Akasimama mlangoni, pua juu.

"Mama Delfina, kuna kitu kinaungua."

"Hakuna kitu."

"Mama, moshi unatoka dirishani."

Maziwa yalikuwa yamekauka na sufuria imekuwa nyeusi tii. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka jikoni. Nilimwambia nina mafua. Alinitazama, akachukua chekeche akaenda zake.

Alipoondoka nilikimbilia bustanini, nikafikicha jani la mnanaa, nikalinusa. Baridi ikapanda puani mpaka machoni kama inavyopanda siku zote. Nilishukuru Mungu. Pua yangu ni nzima, ni mawazo tu yananisumbua.

Jumanne, 24 Juni. Sikukuu ya Mtakatifu Yohane

Asubuhi hii, umande haujakauka, nilitembea mashambani kama baba yangu alivyotembea. Wakulima walinifuata nyuma. Hakuna anayevuta sigara, hakuna aliyekula kitunguu saumu tangu jana, na hakuna anayesema neno mpaka mimi niseme.

Wengi wanadhani ni uchawi. Si uchawi, ni kujua nini kiko ndani ya jani. Battista alinisomea vitabu vya mfamasia, nikayapa majina mambo niliyokuwa nikiyajua kwa pua. Jani changa limejaa menthoni, nayo ina harufu mbichi inayokwaruza. Jani likikomaa, mmea wenyewe huigeuza menthoni kuwa mentholi, na hiyo ndiyo baridi, ndiyo dawa: hutuliza tumbo linalosokota, kichwa kinachouma, kichefuchefu cha safarini. Lakini ukiuacha mnanaa mpaka maua yote yafunguke, huja kitu cha tatu, menthofurani, chenye harufu ya majani makavu yaliyolowa, na mafuta huwa machungu. Katikati hapo kuna mlango ulio wazi siku nne au tano. Kazi yangu ni kusema mlango umefunguka.

Nilifikicha, nikanusa. Baridi. Nikasogea mbele, nikafikicha tena. Baridi. Mwaka jana ningeweza kutaja hata siku ambayo shamba lilipaliliwa. Leo ni baridi tupu, kila shamba.

"Bado," nikasema. Bado ni neno zuri. Asiyejua akilisema huonekana anajua.

Jumatatu, 30 Juni

Joto. Bado.

Alhamisi, 3 Julai

Joto. Kiungulia kinanichoma kifua usiku na mchana. Nimeongeza chai ya mnanaa, vikombe sita. Kinachoma zaidi.

Jumamosi, 5 Julai

Shamba la bondeni kwa Firmino hutangulia kukomaa wiki nzima kabla ya mengine, kwa hiyo ndilo hukatwa kwanza, na wengine hupima kwalo. Leo alikuja kuniita. Lilikuwa zambarau toka mwanzo hadi mwisho.

"Mama, maua yamefunguka mengi," akasema.

"Ninayaona. Macho ninayo."

Nunziata alikuwa amefikicha jani kiganjani. "Linanuka majani makavu," akasema. "Kama zizi la mbuzi wa baba yangu mvua ikinyesha."

Wanaume wakacheka. Gepin, ambaye hakosekani penye watu, akasema, "Haya, sasa tuna daktari wa mbuzi."

Nami nikaongeza langu. "Binti, mnanaa umeuona lini kwa mara ya kwanza? Mwaka juzi? Basi ngoja ukue."

Uso wake ulikuwa mwekundu. Nilichukua jani lilelile kutoka kiganjani mwake, nikalinusa mbele ya watu. Baridi.

"Siku tatu zaidi," nikasema.

Na jambo jingine. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya mto, na Firmino alikuwa na shati tu. Sijamwona hata mara moja na lile koti. Huenda si zuri kwao.

Jumanne, 8 Julai

Wamekata bondeni. Mnanaa umeachwa unyauke shambani siku moja.

Alhamisi, 10 Julai

Tumekeneka. Mvuke ulipita katika mnanaa, ukaingia kwenye bomba la kuzunguka ndani ya maji baridi, na mafuta yakaanza kuelea juu ya maji katika chupa ya kioo, rangi ya majani machanga ya mzabibu. Kwa kawaida tone la kwanza likidondoka watu huvuta pumzi na kuanza kupiga soga. Leo walivuta pumzi wakanyamaza. Nilidhani ni heshima kwa Battista.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote.

Tesio, mnunuzi wa mafuta, alikuja saa nne. Watu walikuwa wamejaa uani kwangu kama kila mwaka, maana chupa ya kwanza ndiyo habari. Alichovya kipande cha karatasi, akakipunga, akakinusa mara moja. Akakiweka mezani.

"Delfina, unanitania?"

"Kwa nini?"

"Haya ni majani makavu matupu. Yamechelewa wiki nzima. Siwezi kuyapeleka kwa mwenye kutengeneza dawa wala mwenye kutengeneza peremende. Watanifukuza."

Firmino alikuwa ameshika kofia yake, anaikunja na kuikunjua. Wote tunajua hali yao: zao hili likikataliwa hawawezi kubaki na shamba, watakwenda Torino kwenye viwanda vya magari kama walivyokwenda wenzao, wakaishi katika chumba cha orofa ya sita.

Ndipo Gepin akasema, "Pua ya Delfina haijawahi kukosea. Hawa waliurundika mnanaa ukiwa na umande, ukachacha. Nani asiyejua? Mtu wa kusini anajua nini kuhusu mnanaa?"

"Hatukuurundika," Firmino akasema.

"Basi mke wako aliurundika ukiwa umelala."

Wengine wakaguna kukubali. Wakamgeukia Nunziata, nusu duara ya watu wanaomwona kila siku kanisani. Yeye hakuwatazama. Alinitazama mimi. Alikuwa ameiona ile sufuria ya maziwa. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, na alikuwa akingoja.

Nilinyamaza.

Niliingia ndani kana kwamba nimeitwa na mtu, nikasimama nyuma ya mlango mpaka uwanja ukawa mtupu. Naona aibu kuyaandika haya katika daftari la Battista. Mtu huyu hakuwahi kusema uongo, ila ule wa tumbaku.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda misa.

Jumatatu, 14 Julai

Nilikwenda mjini kwa daktari Aimone, kwa ajili ya kiungulia. Kwa nje ilikuwa hiyo ndiyo sababu.

"Unakunywa nini?" akauliza.

"Chai ya mnanaa. Vikombe sita, nane."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Delfina, wewe wa kufanya hivyo? Mnanaa hulegeza misuli. Ndiyo maana unatuliza tumbo linalosokota. Lakini mlangoni mwa tumbo pana msuli pia, unaozuia asidi isipande. Ukiulegeza huo kutwa kucha, unategemea nini?"

Miaka hamsini nimeishi ndani ya mnanaa, na nimekuwa nikijichoma mwenyewe, kikombe changu na cha marehemu.

Kisha nikamweleza habari ya kahawa. Akaacha kucheka. Akaniambia nifumbe macho, akaniwekea kitu chini ya pua.

"Hiki?"

"Hakuna kitu."

"Na hiki?"

"Hakuna."

"Na hiki?"

"Mnanaa," nikasema. "Unaona? Ninausikia."

"Fumbua macho." Cha kwanza kilikuwa kahawa, cha pili karafuu. Cha tatu kilikuwa chembe nyeupe za mentholi. "Huisikii, mama. Unaihisi. Mentholi huamsha mshipa wa fahamu wa uso, uleule unaohisi barafu. Mshipa huo ni mzima. Wa harufu ndio umekufa, au umelala. Homa ya Februari ndiyo iliyoupiga. Mwingine yeyote angegundua baada ya siku mbili. Wewe unaishi kwenye mnanaa, na kwako baridi na harufu vilikuwa kitu kimoja."

"Utaamka?"

"Huenda. Miezi mitano imepita. Sitakuahidi."

Njia nzima ya kurudi sikuwaza mafuta wala Tesio. Niliwaza koti. Battista hakuwa ameondoka ndani yake. Alikuwamo, na mimi nikamtoa nje ya nyumba kwa mikono yangu, nikampa mtu ambaye siku mbili zilizopita nilimwacha mkewe atukanwe uani kwangu. Siwezi kwenda kuliomba.

Jumanne, 15 Julai

Wakulima wengine walianza kukata jana. Hawakuja kuniuliza. Waliogopa kuchelewa. Nasikia mnanaa wao ni mzuri, na watakeneka mjini.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeandika nikafuta.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa niliwasimamisha nje ya kanisa kabla hawajatawanyika.

"Mnanaa wa bondeni haukuchacha," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Sina pua. Tangu Februari sisikii harufu ya kitu chochote. Nunziata aliwaambia ukweli mkamcheka, na mimi nikacheka nanyi."

Kisha Gepin, nani tena kama si yeye, akauliza, "Tangu Februari? Basi kahawa yangu..."

"Kahawa yako ilikuwa nzuri, Gepin. Kwa kiasi chake."

Wachache wakacheka. Mmoja akanishika bega akasema pole. Wakaondoka wawiliwawili kwenda kula, na nikabaki kwenye ngazi na kitabu changu cha sala. Firmino na mkewe walikuwa wamekwisha kuondoka. Sijui kama walisikia mpaka mwisho.

Jumatatu, 21 Julai

Hakuna aliyegonga.

Jumanne, 22 Julai

Hakuna aliyegonga.

Jumapili, 27 Julai

Mvua. Nilivyoogopa ndivyo ilivyo: walikuwa wanakuja kwa pua. Mchana wa leo nilisema "ndiyo" kwa sauti, peke yangu jikoni, nione kama sauti bado ipo.

Ijumaa, 1 Agosti

Kuna aliyegonga. Nunziata, na ngumi imejaa majani.

"Mnanaa umechipua tena bondeni," akasema. "Firmino anasema utakatwa mara ya pili Septemba. Nifundishe."

"Nilidhani mmehamia Torino."

"Yeye yuko huko, anafanya kibarua. Mimi nimebaki na shamba. Zao la pili likikataliwa, namfuata."

Nilimpa kiti. Nikamuuliza lililokuwa likinisumbua. "Siku ile ya Tesio ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Nani angemsikiliza mtu wa kusini?" Akaweka majani mezani, akayapanga kama mtu anayepanga vijiko. "Na ningewaambia, wewe ungebaki na nini?"

Nilimchemshia maziwa, na safari hii niliyakodolea macho mpaka yakachemka.

Jumatano, 6 Agosti

Battista alihifadhi chupa ndogo ya kila mwaka. Nimezipanga mezani. Nunziata ananusa na kusema, mimi ninamwambia jina. Menthoni anaiita "kisu". Menthofurani ni "zizi". Mafuta ya mwaka 1971, mazuri kuliko yote, alinusa mara mbili kisha akasema, "Hapa kisu kimeingia alani." Katika miaka yote sikuwahi kulisema vizuri hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Alileta shingo ngumu ya kwao. Ananibishia. Amesema chupa ya 1966 ina zizi kidogo, nikamwambia haiwezekani. Nikatazama daftari: "1966, tumechelewa siku mbili, Delfina alikuwa na mafua." Nikamwomba radhi.

Jumamosi, 16 Agosti

Aliuliza mbegu za mnanaa ziko wapi. Nikamwambia maua yote yale hayana mbegu, mnanaa huu hupandwa kwa kipande cha shina linalotambaa ardhini, kutoka mkono hadi mkono. "Basi kuna mtu alimpa baba yako," akasema. Nilikuwa sijawahi kuwaza hivyo.

Ijumaa, 22 Agosti

Mvua. Hakuja. Siku ndefu.

Jumamosi, 23 Agosti

Amekuja.

Jumapili, 7 Septemba

Alfajiri tulitembea bondeni, yeye mbele, mimi nyuma, kimya kama ada inavyotaka. Kulikuwa na nyayo nyuma yetu. Gepin. Nilimtazama kwa jicho baya, akanong'ona, "Sijala kitunguu saumu."

Nunziata alifikicha, akanusa, akasogea. Akafika mwisho wa shamba akarudi katikati. Nami nilitafuna jani nikahesabu maua, maana ulimi na macho ninavyo bado. Mwishowe alinigeukia, na uso wake ulikuwa umejaa hofu niliyoizoea mimi miaka arobaini.

Nimefungua daftari nikaandika: Nunziata anasema kesho.

Jumamosi, 13 Septemba

Tesio alinusa karatasi mara mbili, kisha hakuiweka mezani. Aliitia kwenye mfuko wa shati lake. "Nani alichagua siku?" akauliza, na uwanja mzima ukamwonyesha mtu wa kusini. Firmino yuko kwenye treni, anarudi.

Jumapili, 14 Septemba

Ukungu mzito. Firmino alipita na shati tu, na kwa kuwa sasa tunazungumza, nilimuuliza Nunziata lililoniuma tangu Juni. "Lile koti. Halikumpendeza mumeo?"

Alinishangaa. "Mama, kwetu nguo ya marehemu haivaliwi wala haifuliwi mpaka mwaka upite. Mpaka Februari. Nililifunga kwenye karatasi nikaliweka juu ya kabati. Ulifikiri nini?"

Sikumwambia nilifikiri nini. Alikwenda mbio, akarudi na bunda limefungwa kwa uzi. Nililikunjua mapajani, nikainamisha uso ndani yake, nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nilijua hakutakuwa na kitu, na bado iliniuma kama mara ya kwanza. Mifuko ilikuwa mitupu, kama nilivyoiacha.

Nikampa. "Ninusie," nikasema.

Alifumba macho kama anavyofanya kwenye mnanaa. Alianza kwenye kola, akashuka polepole.

"Tumbaku," akasema. "Moshi wa kuni. Mnanaa, lakini kila kitu hapa kina mnanaa." Akasita, akarudisha pua upande wa kushoto. "Na huku kuna kitu kingine. Kama chungwa. Kama ganda la chungwa la siku nyingi."

Nilimwomba aseme tena, taratibu, niandike.